Apolonia Kihwele na Programu ya Mgao wa Dawa

Kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake, Lea, nawasomea maisha ya dada yetu.

Apolonia alizaliwa Tosamaganga tarehe 9 Februari 1943, mtoto wa kwanza wa Mzee Tadeo Kihwele na Mama Marta. Alisoma shule ya misheni hapo hapo, akamaliza sekondari mwaka 1962. Mwalimu wa hesabu alimkanya mara nyingi asifute majibu yaliyo sahihi. Alikuwa akifuta kwa wasiwasi, kisha anakokotoa upya.

Mwaka 1966 alijifunza kazi ya kompyuta Dar es Salaam, akaajiriwa Mbeya katika ofisi ya kugawa dawa kwa zahanati. Programu ya mgao aliiandika yeye, ikaandikwa kwa matundu yaliyotobolewa kwenye kadi elfu mbili za karatasi, ikawa inaendeshwa na kompyuta iliyokuwa Dar es Salaam.

Tarehe 15 Agosti 1970 alifunga ndoa na Bwana Anyitike Mwaisaka, wakaishi Soweto, Mbeya.

Machi 1977 ilikuja barua kwamba mashine ile ingeondolewa tarehe 30 Juni. Mpya ilikuwa ya aina nyingine, na kadi za Apolonia haikuzielewa. Apolonia alikonda. Alisafiri na maboksi ya kadi kwa basi hadi Dar es Salaam, akiandika upya maagizo ya programu. Jaribio la tarehe 20 Juni lilipokwisha, wenzake walipiga makofi. Yeye aliendelea kupitisha kidole kwenye orodha.

"Hapa kuna watu watakosa dawa," alisema.

Mashine mpya ilisoma herufi sita tu za kila jina. Zahanati mbili za Usangu, ambazo majina yake yalianza kwa herufi sita zilezile, zilihesabiwa kuwa moja.

Mkuu wake, Bwana Yotamu, alimsihi: "Mama, zimebaki siku kumi. Tuiache hivyo."

"Na wagonjwa wa kule nani atawaambia?"

Akaipa kila zahanati namba yake, mashine isome hiyo badala ya jina. Tarehe 29 mashine zote mbili zilitoa mgao uleule. Wenzao wa Zambia, wenye mashine ya aina ya tatu, walipoiomba programu, aliwapa bure pamoja na daftari la maelezo.

Septemba 1978 aliugua figo. Hata kitandani aliniuliza, "Lea, ukurasa wa kumi na nne wa lile daftari la Zambia sikuukosea?" Nilimwambia uko sawa. Akanituma nikausome tena. Alifariki alfajiri ya tarehe 3 Mei 1979, mume wake akiwa amemshika mkono.

Ameacha wazazi, mume, watoto wawili, Philbert na Kalista, na sisi wadogo zake watatu.

Dada, umehangaika vya kutosha. Mungu akupe pumziko ambalo hukujipa mwenyewe.