Kona Salama Kuliko Zote

Benchi letu limekaa kwenye kona, mgongo umeegemea ukuta wa mashine ya kusaga, uso unatazama barabara ya lami, na juu yake imesimama taa pekee ya mtaa huu ambayo bado haijafa. Ni ubao mmoja juu ya matofali, umelainishwa na suruali za wanaume wanne ambao nyumbani kwao hakuna anayewauliza mbona wamechelewa. Wa kwanza ni Waziri, kinyozi, aliyepewa jina hilo kwa sababu hajawahi kuishiwa sera. Wa pili ni Cheche, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye tatizo lolote duniani, hata homa, hulitibu kwa geti. Wa tatu ni Nukta, karani mstaafu. Akimaliza kusema hutamka "nukta" ili usije ukadhani una nafasi ya kujibu. Wa nne ni mimi. Wananiita Pasipoti, kwa kuwa nimeosha masufuria kwenye hoteli za nchi za watu mpaka nywele zikahama kichwani, na nilichorudi nacho ni kiuno kibovu na hadithi. Muuza kahawa hatumhesabu. Yeye ana pa kwenda.

Jioni ile Waziri alikuja hata aproni hajavua.

— Mmesikia? Manispaa imetoa fedha. Kila mtaa upeleke mradi wake wa kuwafanya wanawake watembee kwa usalama: barabarani, sokoni, stendi. Mradi ukipita, mnajengewa.

— Tunajengewa nini? — Cheche alishakaa vizuri.

— Mtakachoomba.

— Basi sisi tumeshapita, — alisema Nukta. — Kona hii, tangu niijue, hajaporwa mwanamke, hajashikwa mwanamke, hajalia mwanamke. Ndiyo maana wahenga wakasema, kimya kingi kina mshindo mkuu. Nukta.

— Mzee, hiyo methali inakukana mwenyewe.

— Inasema ninachotaka. Mimi ndiye niliyezaliwa mwanzo hapa.

Waziri alipuliza kahawa yake, akaendelea kana kwamba yuko bungeni.

— Kwanza, paa juu ya benchi. Mlinzi hawezi kulinda huku ananyeshewa.

— Mlinzi yupi?

— Sisi! Nani huketi hapa kila jioni? Nani humsindikiza kila mwanamke kwa macho mpaka anapotelea kule mbele?

— Na kwa macho ya bure, — nikadakia. — Hata mshahara hatudai.

— Paa ni jambo dogo, — alisema Cheche. — Haba na haba hujaza kibaba, kwa hiyo tuanze na kubwa. Tujenge mnara. Wa chuma. Ngazi pembeni, kiti juu. Mtu mmoja anapanda, anawaona wanawake wote kuanzia sokoni mpaka shuleni.

— Anawaona, halafu?

— Anapiga honi. Honi moja, mwanamke asimame. Honi mbili, aendelee.

— Mwanamke ndiye asimame? Na mwizi je?

— Mwizi atajuaje maana ya honi? Hiyo ni siri yetu.

— Mimi ningegawa filimbi, — alisema Waziri. — Kila mwanamke na filimbi yake shingoni. Akiogopa anapuliza, sisi tunanyanyuka.

— Na hilo goti lako linanyanyuka? — aliuliza muuza kahawa.

— Tutawaomba wapulize mapema.

Zamu yangu ilikuwa imefika, na mimi zamu yangu siiachi.

— Kuna nchi niliyofanya kazi, treni yao ina behewa la wanawake peke yao. Asubuhi moja nimetoka kazini, usingizi umenilewesha, nikaingia, nikakaa, nikalala. Nimeamshwa na bibi kizee mwenye mwavuli. Hakunitukana. Alinidunga nao ubavuni, hatua kwa hatua mpaka mlangoni, kama anasukuma toroli.

— Ulimfanya nini?

— Nimfanye nini na mimi nakoroma?

— Sasa aliogopa nini?

— Ndilo nililomwuliza kwa lugha yetu. Akanijibu kwa mwavuli.

Tulicheka mpaka Cheche akamwaga kahawa. Muuza kahawa hakucheka sana. Alikuwa anafuta vikombe.

— Mambo haya, — alisema, — si mngewauliza wanawake wenyewe?

Nukta alitazama barabara, kulia, kushoto. Lami ilikuwa tupu.

— Wako wapi? Unaona? Asiyekuwepo na lake halipo. Nukta.

— Pasipoti, muulize binti yako, — Waziri aliniambia. — Si leo ni siku yake ya kukuletea chakula?

— Huyo nimwulize saa ngapi? Anatua chombo, ananiamkia, hata kiti hakijapata joto anachungulia dirishani: "Baba, giza linaingia." Nimerudi kutoka mwisho wa dunia nije niishi karibu na mwanangu, naishi na mlio wa viatu vyake vikiondoka. Namsubiri hapa nimpokee, simwoni akipita. Nikifika nyumbani namkuta ameshafika. Sijui hupita nikiwa kwenye hadithi ipi.

— Watoto wa siku hizi hawatulii.

— Nachemsha chai ya vikombe viwili. Cha pili nakinywa mwenyewe, kimeshapoa.

Nilisema kwa namna ya mzaha. Hakuna aliyecheka. Nadhani kila mmoja pale alikuwa na kikombe chake cha pili.

Wakati huo ndipo tulipomwona mwanamke. Alitokea upande wa sokoni, peke yake, amevaa koti la njano la watu wa ujenzi. Benchi likachangamka lenyewe.

— Wewe wa koti la njano! — Waziri alipaza sauti. — Salamu huko kwenu zinauzwa?

— Taratibu, utateleza, hiyo barabara ina wivu! — akaongeza Cheche.

Nami sikubaki nyuma, nina msemo wangu wa siku zote:

— Mwanangu, mbona haraka hivyo? Usinune, utatuletea mvua!

Kwa kawaida, wakishasikia hayo huinamisha kichwa na kuongeza mwendo. Huyu alisimama. Kisha akaja moja kwa moja mpaka mbele yetu. Alikuwa mtu mzima, mwenye mvi mbili tatu.

— Shikamooni wazee. Natoka manispaa. Nakagua sehemu za mradi wa usalama wa wanawake.

Sijaona wanaume wanne wakibadilika haraka kiasi kile. Waziri alivua aproni. Cheche alimfutia ubao kwa mkono.

— Marahaba, mama, karibu! Kumbe ni mgeni wetu! Mpe kahawa huyu!

Alipokea kikombe, hakuketi. Wakamweleza yote: paa, mnara, honi, filimbi. Alisikiliza bila kukunja uso, na hilo lilinitia wasiwasi zaidi kuliko mwavuli wa yule bibi. Mwishoni Nukta akapigilia msumari:

— Kwa kifupi, mama, hii ndiyo kona salama kuliko zote. Hapajawahi kutokea lolote. Nukta.

Mgeni aliitazama taa. Akaitazama lami, safi, haina hata shimo.

— Ni pazuri kweli. Wanawake wa mtaa huu huwa wanapita hapa saa ngapi?

Swali jepesi. Mtoto wa chekechea angelijibu.

— Asubuhi, — alisema Waziri.

— Asubuhi ipi? — Cheche alimgeukia. — Mimi nipo hapa tangu asubuhi.

— Basi jioni.

— Jioni si ndiyo hii?

Sote tukaitazama barabara, kana kwamba ingetuonea huruma ituletee hata mmoja. Nukta alikuwa anazungusha kikombe chake kitupu.

— Marehemu mke wangu, — alisema polepole, — alikuwa anapita nyuma, huko nyuma ya mashine. Alisema ni karibu.

— Na ni karibu? — mgeni aliuliza.

— Ni mbali zaidi.

Tukangoja aseme nukta. Hakusema.

— Huko nyuma kuna nini?

— Mtaro, — alijibu Cheche, akitazama viatu vyake. — Majani marefu.

— Kuna taa?

— Hakuna.

Mgeni alitikisa kichwa kidogo, akarudisha kikombe kikiwa kimejaa, akashukuru, akaondoka. Hakurudi kwa lami. Alikata kushoto, akaingia njia ya nyuma. Waziri aligeuka kuomba kahawa nyingine. Muuza kahawa aliinamisha birika lote, likatoa mashapo.

Niliwaaga. Nilisema nakwenda kuukagua huo mtaro tuuweke vizuri kwenye mradi. Nina miaka kwenye mtaa huu, na ile njia nilikuwa sijawahi kuikanyaga.

Ni nyembamba. Upande mmoja ukuta, mweupe kwa vumbi la unga. Upande wa pili mtaro. Nyuma ya ukuta mashine inanguruma hata sauti ya mtu huitambui. Lakini ardhi yake imekanyagwa ikawa ngumu kama sakafu, na pembeni kwenye tope zimejaa nyayo, ndogo, za viatu vya kike, zote zikielekea huku na kule. Mtaa mzima ulikuwa unapita hapa.

Mbele yangu alikuwa anatembea mwanamke, mfuko mkononi. Bega moja linatangulia kidogo, kama la mama yake. Mwanangu! Nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu alichokitafuta nyumba nzima. Nikapaza sauti kuishinda mashine, na iliyotoka ni ile ya benchini:

— Mwanangu! Mbona haraka hivyo?

Hakugeuka. Mabega yalipanda. Nikaongeza mwendo nimfikie, viatu vyangu vikipiga ile ardhi ngumu, nikaita tena, mwanangu, mwanangu, naye akaanza kukimbia, kifuniko cha chombo kikigongagonga ndani ya mfuko.

Ndipo nikasimama. Nilitafuta neno jingine la kumwita, na kila lililokuja mdomoni nilikuwa nimeshamtupia mwanamke mwingine kutoka kwenye lile benchi. Nikabaki nimesimama mpaka kile kifuniko kikaacha kusikika.

Nyumbani nilikuta mlango umefungwa kwa komeo.

— Nani?

— Mimi. Baba yako.

Alifungua akaushikilia mkono wangu. Mchuzi ulikuwa umemwagikia nguo yake yote.

— Baba, kuna mwanaume amenifuata kule nyuma. Ananiita mwanangu, mwanangu, anakimbia. Wewe umepita wapi? Hukukutana naye?

Nikachemsha chai, maana mikono ilihitaji kazi. Vikombe viwili. Giza lilikuwa limeshaingia, naye hakusema anaondoka. Aliogopa kutoka. Alivuta kiti, akakaa, akakishika kikombe cha pili kwa mikono yote miwili kingali moto.

— Nimekutana naye, — nilisema.

— Yukoje?

Nimeshaulizwa na walinzi wa mipaka mingi mimi ni nani, na kila mara nilikuwa na jibu, tena la kuwachekesha. Nikafungua mdomo. Mwanangu aliacha kunywa, akanitazama, akanisubiri.