Somo Lililoishia Njiani

Benchi lile liliegemea ukuta wa karakana ya kuchomelea vyuma, na jua likishajificha nyuma ya duka la vipuri ndipo lilipopata watu. Mama Buli, muuza kahawa, aliweka jiko lake la mkaa pembeni, na wateja wake wa kudumu walikuwa watatu: Sindano, fundi cherehani mwenye maneno mengi kuliko nguo alizowahi kumaliza, Breki, dereva wa teksi asiyepitwa na habari yoyote ya mjini, na Cheche, mwenye karakana, ambaye kicheko chake kilisikika hadi kona ya pili. Siku hiyo Cheche hakucheka. Alikaa na miwani ya kazi shingoni, kahawa ikipoa mkononi.

— Vipi, kaka? akauliza Breki. Umenuna kama umekamatwa na trafiki.

— Binti yangu. Kesho anachagua masomo ya kuendelea nayo shuleni. Yeye anataka uchumi. Shangazi yake anataka asome sayansi, awe nesi kama yeye. Wote wawili wananitazama mimi.

— Sayansi, bwana! Sindano akadakia. Uchumi wa nini? Mtoto akakae darasani kufundishwa kwamba vitu vimepanda bei? Mbona mke wangu ananifundisha hilo bure, tena kabla sijanawa uso!

— Usiudharau wewe, akasema Breki. Juzi nilimbeba mchumi mmoja. Alitupia jicho vitunguu vya barabarani tu, akaniambia mvua itanyesha lini.

— Acha zako!

— Haki ya Mungu! Wale wanalisoma soko kama daktari anavyousoma ulimi wako. Wanajua mwaka huu nani ataoa na nani ataachika.

— Basi kumbe ndio wabaya wetu! Sindano akasogea mbele. Mimi nimesikia kuna chumba wamejaa wachumi watupu, na tai zao, wanapiga kura: kesho tupandishe sukari au sabuni?

— Binti akiingia humo, akasema Mama Buli, awaambie sukari waiache kama ilivyo.

— Hatari yenyewe hamjaiona, Breki akaendelea. Watoto wote wakisoma uchumi, hakuna atakayenunua kitu. Kila mmoja atangoja bei ishuke. Maduka yatafungwa. Tutarudi kubadilishana mbuzi kwa shati!

— Shati langu kwa mbuzi? Labda ng'ombe, tena mwenye maziwa.

Wakacheka mpaka benchi likalia. Cheche alitabasamu kwa adabu tu, kisha akasema taratibu:

— Mimi nilisoma uchumi.

Kicheko kikakatika.

— Wewe? Lini?

— Kidato cha tatu. Muhula mmoja na kidogo.

Akawasimulia. Mwalimu wao alikuwa dada mmoja mwenye sauti ndogo. Siku moja alifunga kitabu, akawapeleka sokoni, akawauliza: kwa nini huyu wa nyanya amepunguza bei na jirani yake hajapunguza? Cheche alirudi nyumbani siku ile kama mtu aliyefunguliwa kitambaa machoni. Kwa mara ya kwanza alielewa kwa nini tanuri la mikate la baba yake lilikuwa linazimika, ingawa mikate ilikuwa mitamu vilevile. Halafu baba akaugua. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa. Baba yake mdogo akaja kumchukua, akamleta kwenye karakana hii hii.

— Silalamiki, akasema. Kazi hii naipenda, na imetulea wote.

Hayo yalikuwa kweli. Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu: wanafunzi wakipita saa za kutoka shule, yeye huzima mashine, husema anapumzika, kumbe anatega sikio asikie wamefundishwa nini.

— Sasa unangoja nini? akauliza Mama Buli. Si umruhusu?

— Nitajuaje kama anayetaka ni yeye, dada yangu? Je, kama ni mimi?

Hapo binti mwenyewe akatokea, begi mgongoni, amefuata ufunguo wa nyumba.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu, Breki akawahi. Kumbe baba yako naye alisoma uchumi!

Binti akamgeukia baba yake, macho yamemtoka.

— Baba! Mbona hukuwahi kuniambia? Ungeendelea, ungekuwa nani?

Sindano akachungulia ndani ya kikombe chake. Breki, mwenye jibu la kila kitu, akachezea funguo za gari. Mama Buli akainamisha buli; yakatoka matone mawili na machicha.

— Kahawa imekwisha, akasema, ingawa hakuna aliyeomba.

— Sijui, mwanangu, Cheche akajibu hatimaye. Kwa kweli sijui. Ila kuna kitu nimekuwa nikitamani kumuuliza mtu miaka yote hii. Sisi tuliishia kwenye mahitaji na ugavi. Mwalimu akasema wiki ijayo kuna somo tamu zaidi. Wiki hiyo mimi nilikuwa hapa. Lilikuwa somo gani?

Binti akashusha begi, akakaa.

— Sisi tulikwenda kwenye aina za masoko. Tuseme soko lina muuzaji mmoja tu...

— Kama nani?

— Kama Mama Buli hapa.

— Mimi tena nimefanya nini? Mama Buli akang'aka, na wote wakacheka.

Lakini binti alikuwa keshazama. Alivipanga vikombe vitupu kwenye benchi, hiki muuzaji, hivi wanunuzi, akavisogeza, akajipinga, akajijibu mwenyewe, mikono haitulii. Cheche akamtazama, akaona kwamba amesahau kabisa kama baba yake yupo. Huyu anautaka mwenyewe, akajisemea.

— Kesho chagua uchumi, akamwambia. Shangazi yako niachie mimi.

Binti akacheka kwa furaha. Cheche akasogea karibu, goti kwa goti.

— Haya, endelea. Huyo muuzaji akija kupata mwenzake, inakuwaje?