Mwanamke Mwenye Sinia

Marehemu Herminia Saldívar Cantú alizaliwa tarehe 14 Machi 1941, magharibi mwa jiji la San Antonio, Texas, mtoto wa kwanza wa mzee Fidencio, fundi wa reli, na Bi. Eduviges, mbangua njugu kiwandani. Kila Krismasi ukoo ulikusanyika mezani kufunga tamale, unga wa mahindi na nyama ndani ya maganda ya mahindi. Herminia alikuwa akichora nyuso kwa mkaa juu ya maganda yale. Mama yake hakumgombeza. Alizipika tamale hizo hivyo hivyo, akamwandalia mumewe: "Leo unakula kazi ya binti yako. Tafuna polepole."

Alisoma shule ya mtaani, ambako mtoto aliyeponyokwa na neno la Kihispania, lugha ya nyumbani kwao, alichapwa. Huko ndiko alikojifunza kuwaonea haya watu wake. Mwaka 1960 alikwenda Chicago kusomea uchoraji, na aliporudi alimwomba mama yake asimwite kwa sauti barabarani.

Tarehe 8 Juni 1968 alifunga ndoa na Rodolfo Cantú, mwashi, wakajaliwa Celia na Anselmo. Alifundisha uchoraji sekondari hadi alipostaafu mwaka 2003.

Picha iliyompa jina ni ile ya mwaka 1974, ya familia ikifunga tamale, mama yake akiwa amesimama na sinia. Hapa tusizungushe maneno, mwenyewe hakutaka. Siku ya maonyesho Bi. Eduviges alifika na aproni yake na sufuria la tamale, kumpa mwanawe heshima. Wageni wenye suti wakauliza huyu ni nani. Herminia akaona mikono ya mama yake ilivyopasuka, akajibu, "Ni mpishi wetu."

Mama alisikia. Akawapakulia wageni wote, akawahimiza wale zingali za moto. Walipofika nyumbani alisema, "Mwanangu, ungeniambia tu nisije." Hakulirudia tena neno hilo hadi alipofariki mwaka 1983, naye Herminia hakuthubutu kumwomba radhi. Jumba la sanaa lilinunua picha, na chini yake wakaandika walivyosikia: familia pamoja na mpishi wao.

Tangu hapo Herminia hakumchora tena mama yake. Rodolfo alimtania, "Umechora hadi paka wa jirani, mama mkwe wangu amekukosea nini?" Kila Siku ya Wafu, akipanga meza ya picha na maua ya kuwakumbuka marehemu, picha ya mama yake aliificha nyuma ya maua. Aliona aibu kutazamana naye.

Mwaka 2017 alianza kuugua ugonjwa wa kutetemeka. Alipoamua hatimaye kumchora mama yake, mkono ulikataa. Alilia sana. Alifariki nyumbani tarehe 19 Oktoba 2024.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano na mdogo wake, Baltazar. Alimwagiza Celia habari hii isomwe yote, watu wakiwepo, kwa kuwa alimkana mama yake mbele za watu. Celia alimsihi aseme kwa padri tu, yatosha. Akakataa: "Padri hakuwepo siku ile."

Basi ndugu na majirani, mwanamke mwenye sinia ni Bi. Eduviges Saldívar. Ni mama yake mzazi.

Herminia apumzike kwa amani, ubavuni kwa mama yake.