Mita Mbili za Kilo Ishirini

Bisha. Bisha sasa hivi, maana nikimaliza utataka kunishika mkono. Mimi huyu unayeniona, jana nimeshuka mteremko ule wa shule mara tatu kwa baiskeli isiyo na kengele, na mara zote tatu nimefunga breki palepale kwenye mstari wa chaki. Hapa kijiweni wananiita Profesa. Shule niliiacha kidato cha pili, walikuwa wananichelewesha. Huyo mle bandani, mwenye grisi mpaka kwenye nyusi, ni Breki, fundi baiskeli, na benchi hili liko mbele ya banda lake. Mzee wa kofia uliyepishana naye ukija ni Faili, karani mstaafu. Usipobandikwa muhuri yeye hakuamini. Kahawa tunachanga birika moja, na asubuhi hii lilikuwa nusu pale mdogo wangu alipotokea mbio, daftari kifuani, nyuma yake msichana mrefu wa miwani. Huyo ndiye kiongozi wa kundi lao.

Mwalimu wao wa fizikia ana mambo. Hawapi jaribio la kitabuni. Anawaambia: kaeni wanne wanne, tafuteni swali lenu, bunini jaribio lenu, kapimeni. Wao wakauliza: baiskeli iliyobeba mzigo, ukiifunga breki, inakwenda umbali gani kabla haijasimama? Baiskeli wakaazima kwa Breki. Dereva, mimi. Mdogo wangu akashika tepu ya kupimia.

Mdogo wangu: Shikamoo babu. Shikamoo fundi. Kaka, namba zetu zimegoma.

Faili: Marahaba. Namba hazigomi mjukuu wangu, wanaogoma ni wafanyakazi.

Kiongozi: Bila mzigo, mita tatu na nusu. Kilo kumi za mchanga, mita nne. Kilo ishirini, mita mbili. Mbili, babu! Mzigo umeongezeka, dereva wetu kasimama mapema.

Mimi: Huo unaitwa ufundi.

Hakucheka mtu. Kiongozi alikuwa anafuta miwani ambayo haikuwa na uchafu.

Breki: Si mrudie?

Kiongozi: Tulipanga kila mzigo mara tatu, mvua ikatufukuza. Sasa hivi mteremko wote tope, na saa nne tunasimama mbele ya darasa.

Breki: Basi futeni hiyo mbili, wekeni nne na nusu. Nani atajua?

Mdogo wangu: Mwalimu kasema namba ya ajabu haifutwi, inaelezwa. Akikuta tumepika, kundi zima sifuri.

Faili: Ielezeni basi. Mzigo mzito unaikandamiza baiskeli chini. Tairi linaishika barabara kama muhuri kwenye karatasi.

Mdogo wangu: Mbona kilo kumi hazikuikandamiza?

Faili: Hizo zilikuwa bado hazijapitishwa.

Breki: Mzee, wacha. Mfuko ulifunguka njiani. Mchanga ukamwagika kwenye breki, ukasaga, ukashika.

Mdogo wangu: Mfuko tuliushona, fundi. Tuliupima kabla na baada. Kilo ishirini kamili.

Breki: Basi mchanga ulikuwa na maji. Maji yakirudi nyuma yanavuta kama breki ya pili.

Faili: Au upepo. Mvua ikikaribia, upepo hupanda mlima.

Mimi: Au mteremko wenyewe ulichoka! Nimeushuka mara mbili, nguvu nimeimaliza. Ya tatu ilibaki kidogo. Andikeni hiyo, nawapa bure.

Breki: Profesa, wewe kweli ulikuwa unawachelewesha walimu.

Nilicheka peke yangu, kwa sauti. Nilitaka wazee waendelee kubishana mpaka saa nne ipite.

Kiongozi: Hapa hakuna tunachoweza kusema darasani. Imebaki moja: tepu ilishikwa vibaya.

Mdogo wangu akaanza kuchambua ukingo wa jalada la daftari, kipande kwa kipande. Makundi mawili yalishamkataa, eti anauliza mno, anachelewesha kazi. Hili ni la tatu, na darasa lao halina la nne. Asiye na kundi hapewi alama ya fizikia muhula huu.

Kiongozi: Sikuchukii. Lakini wenzetu wamesema, kama kosa ni lako, tunaendelea watatu.

Mdogo wangu: Najua walichosema.

Akanigeukia. Ana macho ya mama yetu, akikutazama unakumbuka hata ambayo hukufanya.

Mdogo wangu: Kaka, mara ya tatu ulifunga breki tu, kama zile mbili za kwanza?

Breki akatazama kikombe. Faili akavua kofia, akaivaa tena. Hakuna aliyeniona jana ile mara ya tatu. Matone yalikuwa yameanza, kila mtu alikuwa anakimbiza daftari, na wazee walikuwa huku ndani ya banda.

Mimi: Breki tu. Kwani mimi nani?

Akaandika. Nikamwona anaandika: mpanda baiskeli, hakuna kosa. Akafunga kalamu.

Mdogo wangu: Kaka yangu ana majigambo, lakini kwenye kipimo changu hawezi kunidanganya. Basi ni tepu. Nitasimama mimi, niseme mwenyewe.

Wakaenda. Breki akainamisha birika, likatoa mashapo matupu. Akaingia bandani kuziba pancha, Faili akajikongoja nyumbani. Nimebaki mimi, halafu ukaja wewe ukakaa.

Sasa sehemu niliyoiruka. Mara ya tatu ule mchanga ulinisukuma kwa nyuma kama mtu mwenye hasira. Mkono ukafunga breki, nayo ikawa kama haipo. Nikaona ukuta wa shule unanijia. Nikashusha miguu, yote miwili, nikaiburuza chini kama mtoto anayejifunza. Mvua ikafuta michirizi kabla hawajainua vichwa. Mita mbili ni zangu. Tepu ilishikwa sawasawa.

Niliogopa. Nimeanza kukuambia wewe kwa sababu hunijui. Hebu tazama saa yako: nne imeshafika?