Mara Ngapi Umetoka Nje ya Nchi?

Benchi la Roselyn liko Busia, upande wa Kenya, hatua chache kutoka geti la mpaka. Kahawa yake huchemshwa kwa makaa ya Uganda, na wa pande zote mbili huinywa huku wakiilalamikia. Asubuhi hiyo Chrispinus alifika na baiskeli yake ya magurudumu matatu, ile anayoiendesha kwa mikono, akiwa amebeba fomu badala ya madumu ya mafuta anayovusha mpakani kila siku. Ilikuwa fomu ya msaada wa wazee na walemavu. Kila miezi sita sharti uripoti kilichobadilika, ama msaada unasimama, na mwisho ulikuwa Ijumaa saa sita. Swali la tisa, unaishi na nani nyumbani, lilikuwa limemnyima usingizi. Mkewe Bridgit alikuwa ameishonea baiskeli kivuli cha kitenge cha kumkinga jua; yeye akakibandua mbele ya majirani, akisema yeye si bibi harusi. Bridgit alikikunja, akakitia mkobani, akaenda nacho kwao Mwello, ng'ambo Uganda. Wiki tatu sasa, na Chrispinus hakujua kama ile ni safari au ndiyo kuachwa. Hilo hakuthubutu kulileta kijiweni. Akaleta la saba.

— Wanauliza hii miezi sita nimetoka nje ya nchi mara ngapi. Na tarehe wanataka.

Kevo, fundi simu wanayemwita Kompyuta, nusura amwage kahawa.

— Wewe mzee? Si wewe hutoka nje ya nchi hata kabla ya chai!

— Mara nne kwa siku. Siku ya soko, sita.

Kevo akabonyeza simu, akapiga mluzi.

— Mia saba na kitu! Hata waziri wa mambo ya nje hajafika hapo.

— Andika sufuri, baba, alisema Roselyn akimimina. Nani amekuona?

— Wamemuona! Kevo alionyesha juu ya paa la forodha. Hao makorongo, ushawahi ona mmoja akilala? Hizo ni kamera. Zinachajiwa na jua.

— Jana moja imeniibia mandazi, alisema Roselyn.

— Hiyo ilikuwa inachukua ushahidi!

Ofumbi, muuza vitunguu kutoka Kisoko, Uganda, aliinua mkono. Walimwita Jaji kwa sababu aliwahi kuitwa mahakamani kutoa ushahidi, kesi ikaahirishwa, na tangu siku hiyo hajamaliza kuutoa.

— Ngoja. Nani nakwenda Uganda? Ni baiskeli. Yeye nakaa tu. Mtu nakaa, ametoka namna gani?

— Lakini ninakaa nikiwa Uganda, Jaji.

— Unakaa juu ya kiti. Kiti ni ya Kenya. Wahenga nasema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wewe hapana weza kuinama. Basi hiyo sheria hapana yako.

— Jaza ukweli, mzee, alisema Kevo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Langu halikungoja mkuu. Polio ililichukua nikiwa na miaka minne.

Wakacheka, yeye kuliko wote.

— Basi geuza! Kevo alisimama. Sema unaishi Uganda, Kenya unatembea tu.

— Na sisi Uganda tunasema anakaa Kenya, Ofumbi alidakia. Serikali mbili, zote namtumia pesa!

— Ama zote zinamkata, alisema Roselyn.

Pembeni alikaa Joan, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Busitema, mgeni aliyekuwa akisubiri Kevo ambadilishie kioo cha simu.

— Mzee, lete nikuandikie. Mimi niko na kalamu.

Ndipo walipogundua kwamba muda wote huo hakuna aliyekuwa na kalamu. Joan akapitia fomu kwa kidole.

— Ya saba tutairudia. Hii ya tisa ni rahisi. Nyumbani mko wangapi?

Kevo akazama kwenye simu iliyozimwa. Ofumbi akaanza kumenya kitunguu ambacho hakuna aliyekiagiza. Roselyn akainamisha birika; halikutoa hata tone. Wote walijua, na wote walikuwa wamenyamaza wiki tatu. Chrispinus aliona aibu, kisha akaona upweke, na upweke ndio uliomuuma zaidi.

— Ni mmoja ama wawili, mzee?

— Sijui, mwanangu. Nilimkosea, na sijaenda kumuuliza.

Ofumbi alijifuta macho, akasingizia kitunguu.

— Gari ya huko kwetu, mpaka Mwello, najaa saa nne, ndugu yangu. Twende, mimi nakusukuma mpaka steji.

Chrispinus tayari alikuwa amegeuza baiskeli, ikatazama geti.

— Ya tisa iache wazi mpaka kesho, alimwambia Joan. Lakini ile ya saba, ongeza moja. Hiyo tarehe yake naijua. Ni leo.