Mzee Oyugi na Chanjo za Siku ya Sabato

Jumatano, tarehe 12 Februari 2025, Bw. Oyugi Ombok, karani wa kumbukumbu katika kituo chetu cha afya, anatimiza miaka sitini na kustaafu, baada ya kututumikia kwa miaka thelathini na minne. Mwezi tumeuandika kwa jina makusudi. Atakayesoma hadi mwisho ataelewa.

Alifika mwaka 1991 kutoka upande wa ziwa, akiwa na begi moja na maneno matatu ya Ekegusii, yote ya kusalimia. Leo akina mama wa Ekerenyo humwita omogaka, kama wanavyomheshimu mzee wa kwao, na akiuliza jina la mtoto hutajiwa ukoo mzima.

Kazi yake ilikuwa vitabu vya kliniki. Wauguzi wetu wamejaliwa vipaji vingi, mwandiko haumo. Mmoja aliandika 4/6/24, mwingine 04-06-2024, na saa za kuzaliwa ziliandikwa za Kiswahili, kama tunavyozisema. Oyugi alizisoma zote bila miwani.

Novemba iliyopita fundi wetu wa kompyuta, Bw. Abhishek wa mjini Kisii, alihamishia kumbukumbu za watoto 6,240 kwenye mfumo mpya, ule unaomtumia mama ujumbe chanjo ya mtoto ikifika. Tulipiga makofi, tukanywa soda. Oyugi peke yake aliomba orodha ichapishwe. Akakuta watoto 317 waliochanjwa Jumamosi.

Kituo hiki ni cha Wasabato. Jumamosi hapa hachanjwi hata kuku. Oyugi mwenyewe si Msabato, lakini kwa miaka yote hiyo Jumamosi ndiyo siku yake ya kwenda nyumbani, kwa hiyo hakuna anayejua zaidi yake mlango ukifungwa lini.

Kumbe kompyuta ilianza na mwezi, ikafuatia siku. Ilipokutana na 20/06 ililazimika kukubali kwamba hakuna mwezi wa ishirini, ikasoma sawa. Ilipokutana na 04/06/2024 haikuona haya: tarehe nne Juni, Jumanne ya kliniki, ikawa tarehe sita Aprili, siku ya ibada.

Si jambo la kucheka tu. Purity, binti wa Emily muuza ndizi sokoni Ekerenyo, alizaliwa tarehe nane Mei. Kompyuta ilimzaa tarehe tano Agosti, ikakiri kwamba alichanjwa wiki sita kabla ya hapo. Chanjo yake ya surua, ya miezi tisa, angeitiwa Mei badala ya Februari, na surua ilikuwa imeshaanza kutajwa sokoni. Wenzake wa namna hiyo walikuwa mamia.

Abhishek hakubisha. Alisema kurudia kwa mkono kungefika katikati ya mwaka. Basi Oyugi akaanza kujifundisha Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kwa video za simu, saa ya chakula cha mchana. Sisi tulidhani anatazama mpira. Programu yake ya kwanza iliweka 19 mbele ya kila mwaka wa tarakimu mbili, mazoea ya mtu aliyeajiriwa zamani, na watoto wachanga wakawa na umri wa miaka mia. Nesi Adhis aliuliza kama wazee hao nao wabebwe mgongoni.

Ya pili ilikuwa na akili ya kituo hiki. Kliniki yetu ni Jumanne na Alhamisi. Programu ilisoma kila tarehe ya chanjo kwa njia zote mbili, ikashika ile iliyoangukia siku ya kliniki. Aliyechanjwa kabla ya kuzaliwa ilimrudisha akazaliwe upya. Saa tatu asubuhi, ambayo kompyuta iliiita 03:00, iliongezewa saa sita. Watoto 83 walioishinda, Oyugi aliwafuata kwa boda boda, nyumba kwa nyumba, akitazama vijitabu vya akina mama.

Kwa nini haraka hiyo? Kwa sababu orodha ya wafanyakazi nayo ilikuwa imehamishwa. Oyugi, mzaliwa wa 12/02/1965, alikuwa amepewa tarehe mbili Desemba. Miezi kumi ya kazi, zawadi ya kompyuta. Msimamizi wetu, Bi. Nyanchoka, alimshauri kwa upole aiache hivyo, afanye kazi polepole. Oyugi alimjibu, "Nikiiacha yangu, Madam, za watoto nitazitetea kwa mdomo gani?" Akairekebisha ya kwake kwanza, akabakiwa na wiki tano.

Jana, Jumanne, Emily alifika na Purity mgongoni, akilalamika kwamba ujumbe ulimkuta hajamaliza kushusha ndizi. Mtoto alichanjwa, akalia kwa haki yake. Oyugi aliingiza tarehe mwenyewe, mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku: 2025-02-11. Akafunga kompyuta, akaenda kuosha kikombe chake.

Programu amemwachia Abhishek, na Purity ametuachia sisi. Asante, Mzee Oyugi, kwa kila tarehe uliyoikatalia uongo, hata ile iliyokupendelea. Nenda salama kwa watu wako. Tunakuombea afya, na kuanzia leo, wiki zenye Jumamosi saba.