Draiva ya Sila na Shimo la Tatu

Benchi letu liko Miyuji, hapa Dodoma, mbele ya duka la spea la Tajdin, na anayekaa hapo ajue mapema kwamba mimi sipendi kuzungushwa. Ukija na uongo, uje nao mfupi. Ijumaa hiyo jioni Matonya, muuza kahawa, alikuwa ameshatua birika, kashata amezifunika kwa sababu ya vumbi, na Sila, fundi wetu wa kuchomelea mageti, ameipakata draiva yake mpya. Draiva ni ile fimbo ndefu ya gofu ya kupigia mpira wa kwanza. Hii ya Sila ni ya bei ya mtu wa kawaida, ila kichwa chake ni kikubwa kama kisufuria cha uji wa mtoto. Sila alianza gofu kwa kuwabebea wakubwa mikoba, siku hizi anacheza mwenyewe. Sasa timu ya klabu yetu ya gofu inakwenda kushindana Morogoro. Watatu wameshapangwa, na nafasi ya nne inagombewa kesho asubuhi kati yake na dada mmoja aliyehamia kutoka Moshi, ambaye hatujamwona. Sila hajawahi kupangwa hata siku moja. Basi swali lilikuwa hilo: aende na draiva mpya, au arudie ya zamani?

Tajdin: Mpya. Hakuna mjadala. Mimi ninayo kama hiyo, tuliagiza pamoja. Uso wake mpana, hata ukipiga pembeni inakusamehe.

Mimi: Anayesamehe ni mchungaji, Tajdin. Hicho ni chuma. Na mipira yako yote inakwenda kulia.

Tajdin: Inakwenda kulia, ndiyo. Lakini inakwenda mbali.

Mimi: Mbali kulia ni kwenye shamba la watu.

Hapo akaingilia Obedi, dalali wa mahindi. Tunamwita Kibaigwa kwa sababu analala kule kwenye soko la mahindi la Kibaigwa zaidi kuliko kwake.

Kibaigwa: Tuseme ukweli. Lile pigo la Sila la Jumapili, shimo la tatu, halikuwa la fimbo. Lilikuwa la gunzi langu.

Hili la gunzi nilieleze. Kiangazi uwanja wetu ni mgumu kama sakafu, na vile vijiti vya kusimamishia mpira haviingii ardhini, vinavunjika. Na draiva yenye kichwa kikubwa inataka mpira ukae juu. Basi tunakata kipande cha gunzi la mahindi, tunakisimamisha, mpira unakaa juu yake. Mwenye kucheka acheke, sisi tunacheza.

Sila: Gunzi lina nguvu gani, Kibaigwa? Limesimama tu.

Kibaigwa: Limesimama vipi. Lile lilikuwa la mahindi gredi ya kwanza. Wiki ya nyuma yake ulitumia la kuokota, limetobolewa na dumuzi, mpira ukafika wapi? Ulikuangukia miguuni.

Matonya: Mimi ule mlio niliusikia nikiwa hapahapa. Nikajua transfoma imekwenda.

Tajdin: Ndiyo raha yake. Fimbo za bei kubwa zinalia kama zinaona haya. Hii inalia kama bati limeng'oka kwenye paa, mpinzani anaingia hofu.

Mimi: Hofu ya bati.

Tajdin: Hofu ni hofu, bwana. Ule mpira ulivuka mgunga.

Kibaigwa: Mgunga tu? Ulivuka mgunga, ukavuka barabara ya vumbi, ukadunda kwenye tuta la reli. Na treni ya mizigo inapita. Behewa moja lingekuwa wazi, saa hizi mpira uko Gulwe.

Tajdin: Stesheni masta angeupokea vizuri.

Matonya: Ng'ombe wa Gulwe wangeulamba wakidhani ni chumvi.

Kibaigwa: Mpira umepigwa Dodoma, umelambwa Mpwapwa. Nitajieni mtu wa Morogoro mwenye pigo hilo.

Damu ikanipanda.

Mimi: Mpira uliishia mtaroni. Niliuokota mimi, kwa mkono huu.

Kibaigwa: Mtaro wa upande upi?

Mimi: Upande huu wa reli. Na treni haikuwepo.

Sila akanitazama kama nimemnyang'anya tonge.

Sila: Jamani, mimi nimeuliza jambo langu. Nimebeba mikoba ya watu mpaka Morogoro, nikalala stoo na hiyo mikoba. Safari hii nataka niende na wa kwangu. Kesho nashika ipi?

Kabla hatujamjibu akafika dada mmoja, kofia ya jua kichwani, begani mkoba mwembamba wa fimbo.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Naitwa Hilda. Nimeelekezwa kwa kaka Sila, tunacheza pamoja kesho. Nilitaka kujua tunaanza saa ngapi.

Sila: Saa moja. Karibu ukae. Matonya, mpe dada kahawa.

Tajdin hakungoja hata akae. Akamsogezea simu, kwenye video ya Jumapili: Sila ananyonga kiuno, bati linalia, mpira unapaa, na sisi wote tunapiga kelele mpaka picha inakatika.

Hilda: Pigo zuri. Hilo shimo ulimaliza kwa mapigo mangapi?

Sila akamtazama Tajdin. Tajdin akaitazama simu. Kibaigwa akachungulia kikombe chake kama jibu limezama mle.

Mimi nilikuwepo. Baada ya pigo lile Tajdin alileta kamba ya kufungia mizigo, tukapima umbali. Tukabishana, tukapima tena. Jua likazama, tukarudi nyumbani kifua mbele.

Mimi: Dada, sikuona mpira ukiingia shimoni.

Sila: Na lile shimo la tano?

Mimi: Nalo tulipima.

Tangu draiva hiyo iingie Dodoma, hakuna shimo hata moja tulilolimaliza.

Kibaigwa: Kwani wewe dada unatumia draiva gani?

Hilda: Sina. Ilivunjika nikihama. Naanza na fimbo fupi, mpira ukisimama napiga tena.

Matonya akainamisha birika juu ya kikombe cha mgeni, zikatoka machicha tu. Kahawa ilikuwa imekwisha.

Sila akainuka, akailaza draiva kwenye benchi, akaingia karakana yake. Alitoka na fimbo nyingine, ile ya kusukumia mpira shimoni, ina utando wa buibui.

Sila: Dada Hilda, jua bado lipo. Twende ukanionyeshe unavyomalizia.

Hilda: Nikufundishe leo, unishinde kesho?

Sila: Ukinishinda bila kunifundisha, hawa watakaa hapa wakinieleza sababu mpaka Pasaka.

Hilda akacheka, akauweka mkoba sawa begani, wakashika njia ya uwanjani. Draiva ikabaki pale, imekalia nafasi ya mtu mzima.